Honi Haina Mkwe

Mwazye,
4 Mei 1976

Kwa Baba Silvana,

Nakusalimu kutoka jikoni. Mtoto yuko mgongoni na karatasi iko juu ya kinu nilichokipindua, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima ujue Silvana amejinyoosha. Sisi ni wazima. Jino lake la pili limetoka, sasa ananing'ata halafu ananitazama usoni aone nitafanya nini.

Naandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Darasa langu la nne lilikuwa limeanza kuota kutu, lakini tukitoka shamba nakwenda kisomo na akina mama wenzangu, na mwalimu ananiweka mbele niwasomee.

Kilichonifanya niandike ni maneno ya Muhidin. Alipopita na lori lake kuchukua ulezi aliniita pale dukani mbele za watu, "Shemeji, mumeo siku hizi habebi gunia. Anakaa kitako, gunia linajipandisha lenyewe." Nikamwambia acha utani wako. Akasema haki ya Mungu, amepewa gari lenye meno. Watu wakacheka, na mimi nikacheka bila kujua nacheka nini. Ni kweli? Mbona hukuniandikia?

La pili ni la baba yangu. Paa lao la nyasi limeoza upande wa mvua, anataka kuja huko msimu wa ununuzi afanye kibarua kwenye ghala lenu la shirika, apate bati. Kukuomba mwenyewe hawezi, unajua ilivyo kwetu, mtu na mkwewe hawasemeshani ana kwa ana, hawapaziani sauti, wala hawatajani majina. Basi alimwambia mama, na mama akaniambia mimi, na baba mwenyewe amekaa hapo hapo anasikia kila neno huku anatazama kuku. Nami nakuambia wewe. Msemee kwa Meneja.

Nina mikono miwili na kazi za mikono minne. Ile miwili iliyopungua ni yako.

Mkeo,
Cornelia


Milanzi, Sumbawanga,
19 Mei 1976

Mama Silvana,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na hii naiandika nimeegemea gurudumu la hilo gari la Muhidin. Ni kweli. Linaitwa foklifti. Ni fupi, limechuchumaa kama chura, na mbele lina meno mawili ya chuma yanayoingia chini ya chaga ya mbao na kunyanyua magunia ishirini kwa mpigo. Ishirini, Cornelia. Mgongo wangu bado unaniuliza kama ni kweli tumepumzika.

Sikukuficha. Niliogopa wataninyang'anya kabla sijamaliza kukusimulia.

Lilikuja mwezi wa nne juu ya lori kutoka Mbeya, pamoja na fundi wake. Meneja akatukusanya, akauliza nani amewahi kuendesha chochote. Nikasema mimi, trekta la kijiji. Unajua mwenyewe trekta lile nililipanda zaidi ya nilivyoliendesha. Fundi akanionyesha, hiki kinapandisha, hiki kinashusha, hii ni breki. Tulianza saa mbili na saa sita alikuwa ameshaondoka, maana lori lake lilikuwa linarudi. Nusu siku. Kuna na kitabu chake, cha Kiingereza, kina picha. Meneja alikifungia kabatini kisichafuke.

Ni gari la ajabu, lakini naanza kulizoea. Tatizo ni honi tu. Wiki ya tatu ilikufa. Nilimwambia Meneja, akanijibu kwamba honi haibebi gunia.

Mzee mwambie aje mwezi wa saba, nimeshamsemea. Ila hilo la nusu siku libaki kwako. Mwambie nimesomea. Nisionekane kwa mkwe wangu mtu wa kubahatisha.

Mumeo,
Modesti


Mwazye,
8 Juni 1976

Baba Silvana,

Nimemwambia baba kwamba umesomea. Laiti ungemwona. Alivaa koti akatoka, na kabla jua halijatua kila nyumba yenye pombe ya ulezi ilikuwa imeshasikia kwamba mkwe wake amesomea mtambo mjini. Sasa wananiita Mama Mtambo. Sijui nifurahi au nijifiche.

Mama ana swali, na anacheka akiliuliza. Huku njiani mkikutana, wewe unapisha pembeni na baba anageuka mpaka upite. Ndani ya ghala mtapishana wapi? Anasema kazi yenu itakuwa kugeuziana migongo kutwa.

Mimi swali langu siyo la kuchekesha. Hiyo honi. Kama haipo, watu wanajuaje kwamba unakuja? Hapa hata ng'ombe wa mzee wa jirani wamefungwa kengele.

Usiniambie nina wasiwasi wa kike. Nijibu tu.

Cornelia wako


Milanzi,
25 Julai 1976

Mama Silvana,

Mzee alifika salama, na bati lake ameshaanza kulihesabu kichwani. Yuko kwenye kupanga magunia. Ni mfanyakazi kuliko vijana, na baridi ya huku hata haijali.

Mwambie mama yako tumepata njia. Mimi nikiingia na gari, mzee anageuka anatazama ukuta, kama desturi. Nikitaka asogee namwambia Flavian, mwenzangu, na Flavian ndiye anayemwita. Flavian ni wa mbali, hana ukwe na mtu hapa, anapiga kelele jina la mzee ghala zima linaitika. Mimi nainamisha kichwa. Kwa hiyo honi yangu siku hizi ni Flavian. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Meneja anapita na saa mkononi. Ngazi ilivunjika, kwa hiyo mtu wa kupanda juu ya lundo anasimama kwenye meno nampandisha kama gunia. Nilikwenda kwa Meneja nikamwambia, naomba nifundishwe vizuri, kuna mambo ya gari hili siyaelewi, likikata kona linanizidi ujanja. Akasema, "Umeshafundishwa, au unataka ufundishwe mpaka ustaafu?" Wenzangu wakacheka. Honi nayo ameniambia atakumbuka.

Nimechoka, Cornelia. Nikilala mikono bado inatetemeka vile usukani unavyotetemeka.

Modesti


Sumbawanga,
14 Agosti 1976

Mama Silvana,

Mzee yuko hospitalini. Ni mguu wa kulia. Ilikuwa ajali ya kazini, gari lilirudi nyuma na yeye alikuwa amesimama pale. Anaongea, anakula kidogo.

Usije wewe, mtoto ataugua njiani. Mama aje na Muhidin.

Modesti


Mwazye,
20 Agosti 1976

Modesti,

Mama ameondoka jana. Nilimfungia unga na maharage, na shuka yangu ile ya harusi kwa sababu ndiyo nzima.

Barua yako ina mistari mitano. Nimeisoma mpaka nimeijua kwa moyo, na kila nikifika pale "gari lilirudi nyuma" nasimama. Gari halirudi nyuma lenyewe. Nilimuuliza Muhidin, "Nani alikuwa analiendesha?" Muhidin, yule ambaye hajawahi kukosa la kusema, akaanza kukagua tairi lake.

Siulizi ili tugombane. Sina nguvu ya kugombana. Nafua, nalima, nampeleka mtoto kliniki, nakwenda kisomo, narudi nimekaa hapa na karatasi. Nauliza ili nijue ninavyoomba jioni namwombea nani na nini.

Cornelia


Milanzi,
29 Agosti 1976

Mama Silvana,

Nilikuwa mimi. Ulijua.

Siku hiyo walimtoa Flavian wakampeleka nje kupakua. Niliingia na mzigo umenizibia mbele. Mzee alisikia mngurumo, akafanya kama siku zote, aligeuka akatazama ukuta kwa ajili ya heshima yangu. Nilimwona yuko ubavuni kwangu, karibu na nyuma ya gari. Nikajua nikikata kona pale ni padogo. Nikafungua kinywa nimwite. Cornelia, jina halikutoka. Miaka mitatu sijalitamka, hata peke yangu sijawahi. Nikasema, "Samahani, baba," kama mtu anayesema kanisani. Injini ikalimeza.

Nikaukata usukani. Trekta ukilikata, nyuma kunafuata mbele. Hili siyo hivyo. Magurudumu yanayokata ni ya nyuma, kwa hiyo mbele kunabaki na nyuma kunatupwa kando kama mkia wa ng'ombe anapofukuza nzi. Hilo ndilo nililokuwa silielewi. Lilimkuta mguuni, likambana na ukuta.

Alipolia ndipo watu wakaja.

Sasa Meneja ameleta karatasi nitie sahihi. Nakunakilia: "Mimi Modesti, dereva wa foklifti, nathibitisha kwamba nilipata mafunzo kamili ya wiki sita, kuanzia tarehe 12 Aprili hadi tarehe 22 Mei 1976, na kwamba gari lilikuwa zima. Kibarua mmoja mzee alisimama mahali pasiporuhusiwa." Nikitia, kazi ni yangu. Nisipotia, anasema niliwadanganya kwamba najua kuendesha, na hilo ni jambo la polisi.

Sijakwenda kitandani kwa mzee. Kwa desturi siwezi. Na hata desturi isingekuwepo sijui ningeweza.

Modesti


Mwazye,
7 Septemba 1976

Baba Silvana,

Mama ametuma habari kwa mdomo wa Muhidin. Mguu wameukata chini ya goti. Nilikaa chini pale pale barabarani, na Silvana akafikiri ni mchezo, akaja kunikalia.

Nimekuwa na hasira na wewe siku mbili. Siku ya tatu hasira imechoka, kama mimi. Sasa nisikilize.

Usitie sahihi.

Nimeisoma karatasi yao kama tunavyosomeshwa kisomo, neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Wanasema mpaka tarehe 22 Mei ulikuwa unafundishwa. Mimi nina barua yako ya tarehe 19 Mei. Iko ndani ya kopo la chumvi pamoja na kitovu cha mtoto. Umeiandika umeegemea gurudumu, kazini, na ndani yake kuna nusu siku, na honi, na kitabu kabatini. Wao wana karatasi ya juzi yenye tarehe ya zamani. Mimi nina karatasi ya zamani kweli.

Na tazama hapo wanaposema "kibarua mmoja mzee". Wewe humtaji jina kwa heshima. Wao hawamtaji kwa nini?

Unajilaumu kwamba hukuita. Mimi nami nakuuliza, kwa nini ulipaswa kuita? Honi haina mkwe, Modesti. Honi ingempigia baba kelele, na padri, na Meneja mwenyewe, bila kuuliza huyu ni nani kwangu. Ndiyo maana mwenye kuliunda gari aliiweka. Walipoiacha imekufa, waliifanya desturi yetu ndiyo honi, na desturi yetu haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Lipo langu pia, na sijamwambia mtu. Uliniambia niseme umesomea, nikasema. Nilisema kwa furaha. Kama ningemwambia baba nusu siku, angegeuza mgongo?

Niruhusu niipeleke barua ile kwa Afisa Kazi. Nasubiri neno lako. Usitie sahihi kabla halijafika.

Cornelia


Milanzi,
15 Septemba 1976

Mama Silvana,

Muhidin alinipa barua yako Jumatatu. Nilikuwa nimeshatia sahihi Jumamosi.

Walikuwa wamekaa watatu, mimi nimesimama. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa. Nilifikiri juu ya mtoto, nikafikiri nikifungwa nani atamlipia mzee hata gongo la kutembelea. Meneja akaniambia, "Wewe ni mtu mwelewa." Tangu siku hiyo sijala nikashiba.

Ile barua ya Mei ichome. Nakuomba. Ukiitoa sasa nitakuwa mtu wa maneno mawili, nimesema hivi kwa mke wangu na vile kwa shirika, na wote watauliza uongo uko wapi. Hawataikamata karatasi, watanikamata mimi.

Ichome, halafu tuangalie jinsi ya kuishi.

Modesti


Mwazye,
24 Septemba 1976

Kwa Ndugu Afisa Kazi,
Sumbawanga.

YAH: GARI LENYE MENO NA MGUU WA BABA YANGU

Ndugu Afisa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi habari za kazi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Nilisoma mpaka darasa la nne na sasa niko kisomo, kwa hiyo nikikosea namna ya kuandikia ofisi, usiichane barua kwa sababu hiyo.

Mume wangu ni Modesti, dereva wa foklifti ya ghalani. Tarehe 11 Agosti gari lile lilimbana baba yangu mzazi, kibarua, na mguu umekatwa. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Sikufichi.

Ndani ya bahasha utakuta barua aliyoniandikia tarehe 19 Mei. Soma nilipopiga mstari. Halafu waombe karatasi inayosema alifundishwa wiki sita. Sahihi iliyoko pale ni ya mume wangu kweli, nayo sikufichi. Aliitia akiwa amesimama mbele ya watu watatu waliokaa. Ameniomba barua hii niichome. Ninakuletea wewe, naye nitamwambia leo hii hii, maana sitaki kumfanyia kwa nyuma.

Sikuandika ili mtu afungwe. Nimeandika niulize. Mimi nikimwazima jirani shoka nikijua linachomoka mpini, na likamkata mtu, watu watakuja mlangoni kwa nani? Watakuja kwangu mwenye shoka. Hawatamaliza kwa kumuuliza jirani alilishikaje. Gari ni la nani? Nani alipaswa kumfundisha mume wangu zaidi ya hiyo nusu siku? Aliomba, akachekwa. Nani alipaswa kuitengeneza honi? Aliomba mara mbili.

Msimu bado haujaisha. Kama mume wangu ataondolewa kesho watampandisha mwingine, naye watamfundisha asubuhi mpaka saa sita, na ghalani wamo baba za watu wengine.

Kuna kitabu cha gari hilo kabatini kwa Meneja. Naomba kifunguliwe.

Ni mimi,
Cornelia, binti wa huyo kibarua


Mwazye,
24 Septemba 1976

Modesti,

Sikuichoma. Imekwenda leo kwa Muhidin, ameiweka ndani ya shati, siyo kwenye kisanduku cha lori.

Barua ni yako, lakini uliniandikia mimi, kwa hiyo ni yangu. Umesema watauliza uongo uko wapi. Waulize tu. Uko kwenye ile ambayo hukuiandika kwa mkono wako.

Kama utanikasirikia, kasirika ukijua chakula chako kipo hapa, na mahali pako pa kulala papo.

Cornelia


Milanzi,
2 Novemba 1976

Mama Silvana,

Nimekaa wiki tano bila kukujibu kwa sababu nilikukasirikia kweli. Halafu nikakosa mtu wa kumsimulia yaliyotokea, nikaona hasira yenyewe nimsimulie nani kama siyo wewe.

Afisa alikuja. Ni mtu mwembamba, haongei. Alitaka kitabu. Ufunguo wa kabati ukapotea asubuhi nzima. Afisa akakaa juu ya gunia akasema atangoja, na mchana ufunguo ukaonekana mfukoni kwa Meneja. Kitabu kilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

Alikifungua mbele yetu. Ukurasa wa tisa kuna picha. Gari kama letu limekata kona, nyuma limetupwa kando, na mtu amesimama ubavuni kama alivyosimama mzee, hata mgongo amegeuza. Juu yake pamepigwa msalaba mwekundu. Haina neno hata moja, Cornelia. Mtu ambaye hajawahi kuingia kisomo angeielewa. Ilikuwa hatua arobaini kutoka nilipokuwa naegesha.

Meneja akasema alidhani kitabu ni cha fundi.

Afisa akanigeukia. "Sahihi hii ni yako?" Nikasema yangu. "Na barua hii ya Mei?" Nikasema yangu. "Ipi ya kweli?" Nikasema, "Aliyokuwa nayo mke wangu." Akaandika, akafunga daftari.

Gari limefungwa mnyororo. Shirika limeandikiwa kwamba kosa la kutofundisha na la gari bovu ni lao, wamlipe mzee na hospitali yake. Wamesema wamepokea. Wakilipa nitaamini. Mimi nimepewa onyo kwa ile sahihi, nimerudi kubeba magunia. Mwezi wa kwanza watu watatu watapelekwa Mbeya kusomea, wiki sita za kweli. Jina langu limo, ila kwa penseli.

Na honi. Fundi wa malori ya akina Muhidin aliitazama. Ulikuwa waya, Cornelia. Waya umechomoka. Aliukaza kwa koleo, hata sigara yake haijaisha. Flavian akaibonyeza. Ikalia ghala zima. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Siku mzee anatoka hospitali nilisimama nje ya ua. Alipita na mama yako, analijaribu gongo. Nilitaka kusema neno. Sikujua niseme nini, wala kwa jina gani.

Modesti


Mwazye,
5 Desemba 1976

Baba Silvana,

Mvua imeanza na bati la ujira wa baba lipo juu. Nusu ya nyumba, lakini ndiyo ile nusu iliyokuwa inavuja. Shirika limelipa hospitali. Malipo ya mguu bado wanasema yako njiani, na mimi kila mwisho wa mwezi nawaandikia, nimeshaizoea anwani yao.

Silvana anatembea. Ameanza wiki ile ile baba alipoanza kutembea na gongo. Wanakwenda mpaka kwenye kinu na kurudi, mmoja akianguka mwenzake anamngoja. Mama anasema hajui amlee yupi.

Sasa lile nililoliogopa. Nilimwambia baba.

Alikuwa anachonga mpini. Nikapiga magoti nikamwambia, baba, mwezi wa sita nilikwambia amesomea. Hakusomea. Alionyeshwa nusu siku, na mimi nilijua. Kisu kikasimama.

"Nusu siku?"

"Ndiyo, baba."

Akachonga kidogo. Akasema, "Mimi nilimgeuzia mgongo mtu aliyesomea. Mtu wa nusu siku ningemtazama." Halafu siku mbili alinipa mgongo. Nilimpikia, alikula bila kugeuka. Nilifikiri nimempoteza na yeye.

Leo asubuhi akaniita. "Leta kalamu. Niandikie kwa huyo mume wako." Mama akashangaa mpaka akaumwagia moto maji. Tangu lini mtu anamwandikia mkwewe? Baba akasema, "Mguu mmoja umeshakwenda na desturi, nao hautoshi?"

Haya ni maneno yake, sikuongeza.

"Andika kwamba kazi ile haikuwa ya kufundishwa asubuhi ikaisha mchana, na aliyeona inatosha siyo yeye. Andika kwamba Mbeya aende, hata kama wamemwandika kwa penseli, na akifika asikubali kurudi kabla hajaelewa mkia wa lile gari. Andika kwamba mimi naitwa Zenon. Siku nyingine akiniona nimesimama pabaya aliite jina hilo kwa sauti ya kufukuza nyani shambani, na wazee wakiuliza, nitawajibu mimi. Lakini hiyo ni ruhusa yake yeye, siyo ya Meneja kuiacha honi ife tena."

Nikamuuliza, "Ni hayo tu, baba?" Akafikiri. Akasema niandike jina mara ya pili, kubwa, ulizoee kabla hujaja.

ZENON.

Noeli ukija usizunguke nyuma ya nyumba kama zamani. Baba amehamisha kigoda chake. Amekiweka mlangoni, kinatazama njia.

Cornelia